Diwani hana greda

Usiku mmoja wa Aprili, mvua imepiga siku nne mfululizo, nilikaa na diwani wetu kwenye kibaraza cha ofisi ya kata tukihesabu simu alizopigiwa tangu alfajiri. Zilikuwa thelathini na moja. Ishirini na saba zilihusu barabara moja, ile inayoteremka bondeni hadi zahanati, ambayo kijito kilikuwa kimeimeza palipokuwa na kalavati. Ombi lilikuwa lile lile: "Mheshimiwa, tuletee greda."

Mheshimiwa hakuwa na greda, wala hakumjua mwenye nalo. Alikuwa na pikipiki ya kuazima, daftari lililolowa pembe moja, na bajeti ambayo baraza la madiwani lilikuwa limeipitisha Februari. Humo ndani barabara ile haikuandikwa popote. Nilijua kwa nini haikuandikwa, maana katibu wa kikao kilichopaswa kuiandika nilikuwa mimi.

Nilikuwa mtendaji wa kata mpaka nilipostaafu, na katika kata zote nilizopangiwa nimeona kisa hicho hicho. Watu wanaikumbuka barabara inapowatesa, wakati huo kitabu cha fedha kimeshafungwa. Barabara nyingi za kata hukosa fedha miezi sita kabla ya mvua, ndani ya chumba chenye viti vya plastiki, kwa sababu ya sentensi moja iliyoandikwa ovyo kwenye muhtasari. Makala haya ni ya mwananchi anayetaka kujua amtumie vipi diwani wake, na kidogo ni ya diwani mwenyewe, hasa yule ambaye bado anajifunza njia ya kwenda ukumbini.

Barabara hii ni ya nani?

Anza hapa, maana nusu ya hasira zetu huelekezwa mlango usio wake. Tanzania Bara, barabara kuu na barabara za mikoa ziko chini ya TANROADS, wakala ulioanza mwaka 2000. Barabara za wilaya, yaani zile zinazoitwa za mkusanyo, za mlisho na za jamii, pamoja na nyingi za mitaa ya mijini, ziko chini ya wakala mwingine, TARURA, ulioanza kazi Julai 2017. Kabla ya hapo barabara hizi zilikuwa za halmashauri. Mhandisi alikaa milango miwili kutoka kwa mkurugenzi, na diwani aliyechoka kusubiri aliweza kumkalia ofisini mpaka apate jibu. Sasa meneja wa TARURA wa wilaya ana wakubwa wake. Anakuja kwenye baraza, anaeleza mpango wake, anapokea vipaumbele vya madiwani, anajibu maswali, kisha anarudi ofisini kwake. Madiwani wengi walinung'unikia mabadiliko yale, na kwa upande mmoja nawaelewa. Lakini manung'uniko hayachongi barabara. Kinachobaki kwa diwani ni kuhakikisha kipaumbele cha kata yake kinamfikia meneja yule kikiwa kimeandikwa vizuri kiasi kwamba kukiacha ni kazi kuliko kukichukua.

Mtandao unaosimamiwa na TARURA nchi nzima unazidi kilomita 144,000. Fedha yake kubwa hutoka Mfuko wa Barabara, unaojazwa na tozo ya mafuta. Kwa miaka mingi mgawo wa matengenezo ulikuwa asilimia 70 kwa TANROADS na 30 kwa TARURA, na mwaka 2021 iliongezwa shilingi 100 kwa kila lita ya petroli na dizeli kwa ajili ya barabara hizi za vijijini na mijini. Kwa hiyo kijana wa bodaboda anayejaza lita mbili asubuhi ameshachangia barabara kabla hajapata abiria wa kwanza. Asijione anaomba hisani.

Halafu kuna barabara ambazo si za yeyote. Wananchi walizifungua kwa majembe miaka kumi iliyopita, zinapitisha lori la mahindi, kila mtu anazijua kwa jina, lakini hazimo kwenye orodha rasmi ya barabara za wilaya. Hizi hazipati hata shilingi ya matengenezo, na hakuna mhandisi anayeweza kuzisaidia bila kujitafutia hoja ya ukaguzi. Nenda ofisi ya TARURA ya wilaya, au mtume diwani, uliza: barabara hii imo kwenye orodha? Inaitwaje huko, na inaanzia wapi mpaka wapi? Nimewahi kukuta barabara ambayo kwenye karatasi iliishia kwenye mti wa mkuyu, na kilomita mbili za mbele, zenye shule, hazikuwa na mwenyewe. Kama haimo, kazi ya kwanza ya diwani ni kuiingiza: azimio la kijiji au mtaa, azimio la kata, baraza, kisha TARURA. Inachukua muda. Wakati inaendelea, pateni ridhaa za maandishi za wote ambao mashamba yao yataguswa, na mkutano uzishuhudie. Nimeona mkandarasi akifika na mitambo, akakuta mtu amesimama mbele ya migomba yake na panga, na fedha ya mwaka ule ikarudi ilikotoka.

Kwenye barabara kuu na za mikoa suala hili la ardhi lina ukali wake. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 iliipanua hifadhi ya barabara kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara, na hapo ndipo X nyekundu na X ya kijani zinazopakwa ukutani zilipopata maana tofauti kwa mwenye nyumba. Nyekundu umejenga ndani ya hifadhi ya zamani, huna fidia. Kijani hifadhi imekufuata, unastahili kulipwa. Ukitaka kununua kiwanja kando ya barabara, pima kwanza.

Novemba, si Aprili

Mwaka wa fedha wa serikali unaanza tarehe 1 Julai na kuisha 30 Juni. Hilo kila mtu analijua. Wengi hawajui kwamba mlango wa kuingilia unafungwa mapema sana. Mikutano ya vijiji na mitaa inapaswa kuibua mahitaji kabla ya Desemba kuisha. Ndiyo ile kazi ya fursa na vikwazo kwa maendeleo ambayo ikifanyika vizuri huchukua siku kadhaa, na ikifanyika vibaya huchukua nusu saa na soda moja. Kutoka hapo mahitaji yanakwenda Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambayo mwenyekiti wake ni diwani, katibu ni mtendaji wa kata, na wajumbe ni wenyeviti wa vijiji au mitaa pamoja na diwani wa viti maalumu anayeishi katika kata hiyo. Kisha kamati za halmashauri, kisha baraza zima mwanzoni mwa mwaka, kisha mkoa, wizara na Bunge, ambalo hukaa na bajeti kuanzia Aprili mpaka Juni.

Sasa tazama mbingu. Kwenye mikoa yenye masika, mvua kubwa ni Machi hadi Mei. Yaani barabara inakatika kitabu kikiwa kimeshatoka halmashauri. Sauti unayopaza Aprili inaweza kukuletea kifusi cha dharura, malori mawili ya kutupa shimoni, na picha ya kiongozi akiwa na buti. Kukuletea kalavati ni jambo la Septemba, Oktoba na Novemba, jua linapowaka, vumbi limejaa, barabara inapitika, na hakuna mtu mwenye hamu ya kukaa mkutanoni kuizungumzia.

Mkutano mkuu wa kijiji ni wa kila mkazi aliyetimiza miaka 18, na unapaswa kufanyika kila baada ya miezi mitatu. Kama kwenu haufanyiki, hilo ni suala la kwanza la kumkalisha nalo diwani, kabla ya barabara. Usikubali kuambiwa akidi haikutimia mara tatu mfululizo bila kuuliza tangazo lilibandikwa wapi. Nakumbuka kijiji kimoja tangazo lilibandikwa ndani ya ofisi iliyofungwa kwa kufuli.

Sentensi iliyotugharimu masika mawili

Turudi kwenye barabara ya zahanati. Nilipotafuta muhtasari wa kikao chetu cha Novemba iliyotangulia, niliikuta kazi yangu mwenyewe, kwa mwandiko wangu mzuri: "Kamati ilijadili suala la miundombinu na kuazimia kwamba barabara mbovu ziboreshwe kwa haraka."

Isome tena. Barabara ipi? Mbovu wapi? Iboreshwe kwa kitu gani, changarawe au daraja? Haraka ya nani? Mhandisi aliyeipokea hakuwa na cha kufanya nayo. Alikuwa na makaratasi ya kata nyingine zaidi ya ishirini, na aliyemwandikia wazi ndiye aliyepata.

Mwaka uliofuata tulifanya hivi. Vijana wawili walishuka na futikamba kutoka njia panda ya shule mpaka kijitoni, wakiweka alama kila walipofika mwisho wa utepe, mmoja akihesabu kwa punje za mahindi mfukoni asipoteze. Mita 1,400. Siku za kufungwa kwa barabara zilitushinda kukumbuka. Kila mzee alikuwa na idadi yake. Aliyetuokoa ni mwenye duka la njia panda ya zahanati. Kwenye daftari lake la madeni alikuwa na mazoea ya kuandika kila siku ambayo lori la soda halikufika, apate la kumjibu mwenye lori. Tuliketi naye juu ya kreti, tukahesabu tangu Machi mpaka Mei: siku 19. Muuguzi wa zahanati akatuongezea kwamba katika siku hizo wajawazito wawili walivushwa kijito kwa kubebwa kwenye machela ya shuka.

Sentensi mpya ikasomeka: "Kamati inaomba kalavati la mabomba mawili mahali pa kijito, mita 1,400 kutoka njia panda ya shule, pamoja na mtaro wa mawe wa mita 60 upande wa juu, katika barabara ya Njia Panda hadi Zahanati. Barabara ilifungwa siku 19 kati ya Machi na Mei. Wajawazito wawili walivushwa kwa machela. Hiki ni kipaumbele cha kwanza kati ya vitatu." Tukabandika picha nne zilizopigwa kwa simu wakati wa mafuriko, kila moja ikiwa na tarehe.

Mhandisi alikuja kuona. Alibadilisha ukubwa wa mabomba tuliyoota na kusogeza mtaro wetu upande mwingine, na hiyo ndiyo kazi aliyosomea. La muhimu ni kwamba alikuja. Hata diwani alipoinuka siku ya taarifa za kata, ile siku ya kwanza ya baraza ambayo wengi huitumia kusoma salamu, alisoma mistari hiyo minne akaketi. Ukumbi ulinyamaza. Mistari minne yenye namba husikika kuliko hotuba.

Kwa hiyo unapomwendea diwani, usimpelekee kilio kitupu. Mpelekee umbali, mahali, tarehe, idadi ya siku, na nani aliumia. Kama huna futikamba, kamba ya kuanikia nguo iliyopimwa inatosha.

Tatu tu

Ugomvi mkubwa wa kata ni kuchagua. Hazina hutoa ukomo wa bajeti, na ukomo haujali machozi. Tuseme halmashauri ina kata 24, na kila kata imeandika barabara kumi: hizo ni barabara 240 mezani kwa watu wanaoweza kugusa chache tu. Kata iliyoandika kumi imemwachia mtu mwingine achague, na huyo mtu hakai kwenu. Kata iliyoandika tatu, kwa mpangilio, imechagua yenyewe.

Lakini jaribu kumwambia mwenyekiti wa kijiji kwamba barabara yake imekuwa ya saba. Atakwambia alivyopigiwa kura. Diwani naye anaogopa, maana kila kijiji kina wapiga kura wake, kwa hiyo anaona heri aandike zote kumi, kila mtu arudi nyumbani amefurahi, na lawama ziangukie halmashauri. Huu ndio woga unaoua barabara zetu, na nausema kwa kuwa nimeuandikia mihtasari.

Kuna diwani mmoja, mama aliyewahi kuwa mwalimu, aliyetatua jambo hili kwa mahindi. Alimpa kila mwenyekiti punje tatu na sharti moja: punje mbili lazima ziende kwenye barabara isiyopita kijijini kwake. Majina ya barabara yaliandikwa kwenye vipande vya katoni, mabakuli yakawekwa juu yake. Mzee mmoja alizishika punje zake kama dakika tano. "Mheshimiwa," akasema, "yangu nimeshaiweka. Hizi mbili sasa nifanyeje?" Mama akamjibu, "Mzee wangu, fikiria siku mjukuu wako anaumwa. Utapita wapi?" Mzee akaweka moja kwenye ya zahanati, nyingine kwenye ya soko. Wengi walifuata njia hiyo. Zile tatu zilizoshinda hakuna aliyezipinga baadaye, kwa sababu kila mmoja alikuwa na punje yake ndani.

Mnapochagua, fahamuni pia mnachoomba ni kitu gani. Wahandisi hutenganisha aina tatu. Kuna matengenezo ya kawaida, kama kufyeka, kuzibua mitaro na kuchonga. Matengenezo ya muda maalumu, kama kurudishia changarawe baada ya miaka kadhaa. Na matengenezo ya sehemu korofi, pale palipo na mita mia mbili mbaya kwenye barabara ya kilomita sita iliyo nzuri. Kata nyingi huomba kuchongewa kilomita zote sita, au lami, wakati kinachowafungia njia ni hizo mita mia mbili. Ombeni sehemu korofi. Lami ni tamu kutamka jukwaani, lakini fedha ya kilomita moja ya lami ingeweka makalavati mengi kuliko idadi ya vijito vya kata yetu. Mkoani Kigoma TARURA imejenga madaraja ya upinde kwa mawe ya huko huko, kazi ambayo mafundi wa kijijini wanaielewa. Kwenye kata yenye mawe, hilo ni swali la kumuuliza mhandisi.

Maji

Barabara ya udongo huharibiwa na maji kwanza, magari huja kumalizia. Katikati inapaswa kuinuka kama mgongo wa ng'ombe, maji yashuke pembeni, yaingie mtaroni, na kila baada ya hatua kadhaa pawe na mchepuo wa kuyatoa mtaroni yasipate nguvu. Greda likipita na kuacha tuta la udongo kila upande, mmetengenezewa mfereji na mtaufurahia mpaka mvua ya kwanza. Mwambieni msimamizi siku ile ile tuta liondolewe, kabla mtambo haujapakiwa.

Hapa lazima tuseme na sisi wenyewe. Aliyefukia mtaro ili pikipiki iingie uani kwake ni jirani yetu. Aliyeziba mchepuo kwa sababu maji yanaingia kwenye maharage yake tunamjua kwa jina. Anayetupa taka kwenye kalavati la mtaa naye tunamjua. Diwani anaogopa kumgusa kwa sababu ni mpiga kura; mkutano wa mtaa hauna sababu ya kuogopa. Wekeni utaratibu: anayetaka kuvuka mtaro anaweka bomba au daraja dogo la mbao. Mwenye shamba linalopokea maji atafutiwe njia ya maji hayo mpaka bondeni, aonywe na asaidiwe. Na kabla ya mvua, siku moja ya msaragambo kuzibua mitaro na midomo ya makalavati inaokoa kazi ya mwaka mzima. Tulipoandika siku za kazi za wananchi kwenye maombi yetu, watu 64 kwa siku mbili, mhandisi alizisoma mara mbili. Kata inayotunza hupewa kwa moyo mwepesi zaidi.

Na kama msaragambo unakwenda na michango ya fedha, kila shilingi iwe na risiti ya serikali, inayotoka kwenye mashine ya kukusanyia mapato. Karatasi iliyochanwa daftarini haitoshi. Michango imewaangusha wenyeviti wengi waaminifu kwa kukosa karatasi tu.

Imepitishwa, haijatoka

Barabara ikiingia kwenye bajeti, msicheze ngoma bado. Kupitishwa ni jambo moja, fedha kutoka ni jingine, kutumika ni la tatu. Kila robo mwaka muulizeni diwani mambo hayo matatu kwa barabara yenu: imeidhinishwa kiasi gani, imetoka kiasi gani, imetumika kiasi gani? Akijibu "inashughulikiwa," mwombeni arudi na namba. Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali humkabidhi Rais ripoti zake ifikapo mwisho wa Machi, kisha zinakwenda bungeni, na miongoni mwake ipo ya serikali za mitaa. Itafuteni halmashauri yenu humo. Inasomeka kwa Kiswahili, na si siri.

Mkandarasi akifika, tafuteni kibao cha mradi. Kinapaswa kuonyesha kazi, gharama, mkandarasi, msimamizi na muda. Kibao kisipokuwepo, ulizeni. Kikiwepo, kipigeni picha, kwa sababu vibao huwa na tabia ya kuanguka. Kisha tazameni vitu ambavyo havihitaji shahada. Je, kifusi kinamwagwa kwa marundo na kusawazishwa tu, au boza la maji linapita na mashine ya kushindilia inafuata? Kama mkataba unasema sentimita 15 baada ya kushindiliwa, mwombeni msimamizi apime mbele yenu, sehemu mnayochagua ninyi. Mabomba ya kalavati yameunganishwa kwa saruji au yamegusanishwa? Kuta za mdomoni zimejengwa kabla ya kufukia?

Mkiona kasoro, msifunge barabara kwa magogo. Andikeni barua moja kwa mtendaji wa kata, nakala kwa diwani na kwa TARURA, mkitaja mahali na tarehe. Mkataba huwa na kipindi cha matazamio, mara nyingi mwaka mmoja, na sehemu ya fedha ya mkandarasi hubakizwa mpaka kipindi hicho kiishe. Barua ya mwezi wa kumi wa kipindi hicho inaweza kumrudisha kazini kwa gharama yake. Barua ya mwezi wa kumi na nne ni habari tu.

Kwako, mheshimiwa

Kabrasha la kikao huja kubwa na huja kwa kuchelewa. Liombe mapema, kwa maandishi, na usilisome kuanzia mwanzo. Anza kwenye majedwali, tafuta jina la kata yako, kisha rudi nyuma kwenye maneno. Usipolikuta jina, unajua utasema nini kesho. Mambo huamuliwa kwenye kamati: Fedha, Uongozi na Mipango, ambayo hukutana kila mwezi, na Uchumi, Ujenzi na Mazingira. Yakishafika baraza zima, muda wa kubadilisha safu ni mdogo mno. Kama hukai kwenye kamati inayohusika, mfuate anayekaa humo, kunyweni chai.

Usimdharau diwani wa viti maalumu. Hana kata ya kugombea, lakini kura yake barazani ni sawa na yako, na mara nyingi ndiye anayesoma kabrasha. Mkumbuke pia mbunge, ambaye ni mjumbe wa baraza hilo hilo na mwenyekiti wa kamati ya Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2009. Mabomba manne ya kalavati ni kitu ambacho mfuko ule unaweza kukibeba, mkiwa na mchanga, mawe na nguvu za watu.

Wananchi nao wakuache ufanye kazi hiyo. Tumewageuza madiwani kuwa wachangiaji wa harusi na wanunuzi wa sanda. Anayetoa elfu ishirini kila msiba tunamwita mtu wa watu, hata kama kamatini haendi. Aliyekaa siku mbili kwenye kamati akipigania mita 60 za mtaro tunamwita bahili. Nimekaa na madiwani wa aina zote mbili. Wa kwanza walichaguliwa tena mara nyingi zaidi, na barabara zao ndizo zilizonifanya nitembee kwa miguu.

Kalavati la zahanati lilikamilika mwaka wa pili baada ya ile sentensi mpya. Mtaro wa mawe ulipata mita 40 kati ya 60. Zilizobaki ziliandikwa tena Novemba iliyofuata.

Kama unasoma haya mwezi Septemba, muulize mwenyekiti wako kesho asubuhi mkutano wa kijiji ni lini. Kama unasoma Aprili huku umekwama kwenye tope, toa simu, piga picha, andika tarehe na mahali, uitunze mpaka Septemba.